Njaa Nyuma ya Mlango Uliofungwa

Maneno ya somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, kama lilivyosomwa na Afisa Elimu

Natumaini vikundi vyote vimekwisha kukaa, na katibu wa kila kikundi ana kalamu na karatasi, maana leo tutafanya hesabu kidogo.

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya ghala, na namna ya kuhesabu magunia yatakayoifikisha familia mpaka mavuno mengine. Baada ya somo lile tulipata barua kutoka kikundi kimoja cha Dodoma. Wanasema: sawa, sisi twaweza kuhesabu magunia yetu kwa kuwa tunayaona. Lakini ikiwa nchi imefungwa, wageni hawatembei humo, na magazeti ya humo hayaandiki habari mbaya, mtu aliye nje atajuaje kwamba watu wana njaa? Swali hili ni zito. Kwa hiyo nimeliweka kando somo nililokuwa nimelitayarisha, na leo tutalijibu hili. Nchi tutakayoitazama ni Korea Kaskazini.

Korea Kaskazini iko mashariki mwa Asia. Imepakana na China upande wa kaskazini na Korea Kusini upande wa kusini, na watu wake ni kama milioni 26. Sehemu kubwa ya nchi ni milima, na wakati wa baridi ardhi huganda hata jembe lisiingie. Ardhi ifaayo kulimwa haifiki sehemu moja katika tano. Mashamba mazuri ya mpunga yako magharibi na kusini-magharibi, katika majimbo ya Hwanghae na Pyongan. Upande wa kaskazini-mashariki, Hamgyong, ni nchi ya milima, migodi na viwanda. Watu wa miji ya huko, kama Chongjin na Hamhung, hula chakula kilicholimwa kwingine. Likumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

Mavuno makubwa ni Septemba na Oktoba. Miezi ya taabu ni ile ya kabla yake, tangu Mei mpaka Agosti. Wakorea wa zamani waliipa taabu ya kila mwaka ya kabla ya shayiri kuiva jina: kilima cha shayiri. Maana yake, mtu akikivuka kilima hicho angali hai, atakuta shayiri imeiva upande wa pili. Nasi tunakijua kilima hicho, ingawa chetu ni cha mahindi.

Tunaposema nchi hii imefungwa, hatuna maana kwamba hakuna mgeni aliyepata kuingia. Tuna maana kwamba mgeni akiingia hutembea na mwenyeji wa serikali, huonyeshwa yale aliyopangiwa, na huzungumza kwa kinywa cha mkalimani aliyechaguliwa na wenyeji. Mwananchi naye, akitaka kwenda jimbo jingine, nauli peke yake haimtoshi. Lazima awe na kibali. Na hesabu ya mavuno ni siri ya serikali.

Kwa miaka mingi watu wa mijini walikula kwa posho. Mfanyakazi wa kawaida aliandikiwa gramu 700 za nafaka kwa siku, wa kazi nzito 900, watoto na wazee pungufu ya hapo. Wakulima walipewa fungu lao wakati wa mavuno. Basi karibu nchi nzima ilikuwa ikilishwa kwa mkono mmoja, na mkono huo ukitetemeka, kila sahani hutetemeka.

Nao ulitetemeka. Urusi ya Kisovieti ilikuwa ikiwapa mafuta na bidhaa kwa bei ya urafiki. Ilipovunjika mwaka 1991, mafuta yakapungua, viwanda vya mbolea vikakosa nguvu, na pampu za kumwagilia mashamba zikasimama. Mwaka ule ule serikali ilianza kuwahimiza watu wale mara mbili tu kwa siku. Wasikilizaji, hiyo ilikuwa taarifa ya njaa, nayo ilitangazwa hadharani kama shauri la kubana matumizi. Nje ya nchi ni wachache mno walioisoma kama ilivyopasa kusomwa.

Mwaka 1995 yakaja mafuriko makubwa, na mwaka 1996 yakaja tena. Serikali, iliyokuwa ikijivuna kwamba haihitaji mtu, iliomba msaada kwa mataifa. Ikasema watu milioni 5.4 wamepoteza makao yao. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walipokwenda kutazama waliona kwamba ni kama 500,000. Hapa pana fundisho ambalo wengi hulisahau. Tunadhani serikali iliyofunga milango huficha shida tu. La, siku nyingine huikuza, hasa inapokuwa na mtu wa kulaumiwa, na mvua ni mtu mzuri wa kulaumiwa, maana haijibu. Kwa hiyo kabla ya kuipokea hesabu yo yote, uliza kwanza: huyu anayenipa ana haja gani nayo?

Sasa katibu ashike kalamu. Njia ya kwanza ya kupima ni hesabu ya mizani: chakula kilichopo upande huu, chakula kinachohitajiwa upande huu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Mpango wa Chakula Duniani yamefanya hesabu hii Korea Kaskazini mara nyingi tangu 1995. Tuchukue ile ya mwaka 2019. Mtu mmoja amehesabiwa kilo 175 za nafaka kwa mwaka, yaani gramu 480 kwa siku. Zidisha kwa watu milioni 26, utapata zaidi ya tani milioni 4 na nusu. Ongeza mbegu, chakula cha mifugo, na kinachopotea kwa panya na kuoza. Wao walifikia tani milioni 5.75.

Upande wa pili, ilisemekana mavuno ya 2018 yalikuwa tani milioni 4.9, nayo yalikuwa mabaya kuliko yote ya miaka kumi. Lakini hapo ndipo Kiswahili kinatusaidia. Lugha nyingine zina neno moja tu pale ambapo sisi tunasema mpunga, mchele na wali. Zile tani milioni 4.9 zilikuwa na mpunga ndani yake, tena na maganda yake. Kilo 100 za mpunga ukizikoboa hupati kilo 100 za mchele. Utapata kama 65. Walipokwisha kukoboa kwa karatasi, zikabaki tani milioni 4.17. Pengo ni karibu tani milioni 1.6. Nchi ilitazamiwa kununua na kupewa msaada kidogo, likabaki pengo la tani milioni 1.36.

Tani milioni 1.36 ni kitu gani? Zigawanye kwa watu wote, kila mtu amekosa kilo 52 hivi. Kwa gramu 480 kwa siku, hizo ni siku 109. Miezi mitatu na nusu. Hesabuni kutoka Mei mpaka katikati ya Agosti, mtaona kwamba pengo hilo la kwenye karatasi ni ile miezi ya taabu hasa.

Hesabu hii ni ya lazima, lakini ina kasoro kubwa: inaifanya nchi nzima kuwa sufuria moja. Nchi si sufuria moja. Njaa ya miaka ya 1990 haikuwakamata watu wote sawasawa. Iliwashika kwa nguvu watu wa miji ya viwanda ya kaskazini-mashariki, wale niliosema mlikumbuke jambo lao, ambao hawakuwa na shamba wala karakana zenye kazi, na ambao posho yao ilikatika mapema. Mtaalamu wa uchumi kutoka India, Bwana Amartya Sen, aliandika mwaka 1981 kwamba njaa kuu ni watu fulani kukosa chakula, na hilo si lazima liwe sawa na chakula kukosekana nchini. Alikuwa ameitazama njaa ya Bengal ya mwaka 1943. Kwa hiyo mizani ya taifa inaweza kuonyesha pengo dogo, na watu wa mji mmoja wakawa wanakufa.

Kabla sijaingia ofisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka mmoja mvua zilikatika. Taarifa ya mavuno iliyopelekwa wilayani ilisema hali ni ya kuridhisha. Niliiona kwa macho yangu, na takwimu zake zilikuwa karibu zile zile za mwaka uliotangulia. Lakini daftari langu la mahudhurio lilikuwa linasema mengine. Kwanza walipotea wasichana wakubwa, wakaenda kutafuta vibarua na mboga za mwituni. Kisha wadogo wakaanza kusinzia kabla ya saa nne. Wiki sita baadaye ndipo chakula cha msaada kikafika. Tangu siku hizo siiamini taarifa moja peke yake, hata ikiwa na mhuri.

Basi katika nchi iliyofungwa mpimaji hutafuta mashahidi wengi dhaifu, akawalinganisha, kama hakimu anavyofanya pale ambapo hakuna aliyeona tendo lenyewe.

Shahidi mmoja yuko angani. Setilaiti hupiga picha mashamba kila baada ya siku chache. Jani lenye afya hunywa mwanga mwekundu na kurudisha aina nyingine ya mwanga usioonekana kwa macho yetu. Kwa kulinganisha miali hiyo miwili waweza kujua kama mpunga wa Hwanghae umestawi mwezi wa Julai kuliko mwaka jana. Hakuna askari wa mpakani awezaye kumzuia shahidi huyu. Lakini huona jani, haoni ghala. Hajui nani atakula. Na vile vishamba vya siri ambavyo watu wamevilima kwenye miteremko ya milima, ambavyo vimeokoa roho nyingi, ni vigumu kwake kuvitofautisha na majani ya mwitu.

Shahidi mwingine ni forodha ya China. Korea Kaskazini haitangazi inanunua nini, lakini anayemuuzia hutangaza anauza nini. Mbolea ikipungua mwezi wa Aprili, una sababu ya kuogopa mwezi wa Oktoba. Magendo, bila shaka, hayaandikwi katika daftari la forodha.

Mimi binafsi shahidi ninayempenda ni soko. Posho ilipokatika, watu wa Korea Kaskazini walijifunza kuuza na kununua. Leo picha za angani zimeonyesha masoko zaidi ya 400 nchini humo. Walioko karibu na mto wa mpakani hutumia simu zinazoshika mitambo ya China, wakapeleka nje bei za wiki ile. Wakikamatwa adhabu ni kali. Mashirika ya habari ya Seoul na Osaka yamekusanya bei hizo kwa miaka mingi. Namna ya kuzisoma ndiyo hii. Huko mchele ni chakula cha heshima, na mahindi ni chakula cha shida. Usitazame bei ya mchele peke yake, maana fedha yenyewe inaweza kuwa imeshuka thamani. Tazama umbali kati ya mchele na mahindi. Mahindi yanapoipandia bei ya mchele, maana yake wengi wameshuka ngazi, wameacha kile na kukimbilia hiki. Wafugaji wetu wanalijua jambo hili bila kusoma kitabu: mbuzi aliyekuwa akinunua gunia zima, siku akinunua nusu gunia, mwenye mbuzi hangojei redio imwambie.

Tena kuna mwili wa mtoto. Mwaka 1998 mashirika ya Umoja wa Mataifa na Jumuiya ya Ulaya yaliruhusiwa kupima watoto, ingawa wilaya zilizofungwa hazikuingizwa. Waliona kwamba katika kila watoto 100, 62 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao, na 16 walikuwa wamekonda, yaani wepesi mno kwa urefu wao. Kukonda ni habari ya mwezi uliopita. Kudumaa ni historia; mtoto hubeba katika mifupa yake miaka ambayo serikali haikuiandika. Mwaka 2012 waliodumaa walikuwa 28 katika 100, na mwaka 2017 walikuwa 19. Kwa hiyo si haki kusema kwamba nchi hii imekuwa katika njaa ile ile tangu 1995. Mambo yalitengenea, ijapokuwa polepole.

Na kuna wakimbizi. Hawa ndio wanaotuliza machozi, na ndio wanaohitaji uangalifu mwingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika moja la Kibudha la Korea Kusini liliwahoji wakimbizi zaidi ya elfu moja waliovuka kuingia China, likahesabu kwamba nchi nzima waliokufa ni milioni tatu au zaidi. Serikali yenyewe baadaye ikakiri 220,000. Tofauti hiyo ni kubwa mno! Wakimbizi hawakusema uongo. Lakini wengi wao walitoka Hamgyong, karibu na mpaka, mahali palipoumia kuliko pote, na aliyepotewa na watu wengi ndiye aliyekimbia kwanza. Ukipima nchi nzima kwa jimbo moja lililoungua, utakosea. Wataalamu wa hesabu za watu walilirudia jambo hili. Wawili waliandika mwaka 2001 kwamba ni kati ya 600,000 na milioni moja. Wengine wawili, mwaka 2012, wakizitumia sensa za 1993 na 2008, walipata kati ya 240,000 na 420,000 kwa miaka ya 1993 mpaka 2000. Hata tukichukua hesabu ndogo, ni watu kama mji mkubwa mzima, na walikufa majirani wakiwa hawana hakika kama kuna njaa.

Sasa tuje karibu na siku zetu. Januari 2020, kwa kuogopa ugonjwa wa korona, Korea Kaskazini ilifunga mipaka yake kabisa. Biashara yake na China ilianguka mwaka ule kwa karibu sehemu nne katika tano. Machi 2021 wageni wa mwisho wa Umoja wa Mataifa waliondoka, na zaidi ya miaka mitatu baadaye walikuwa bado hawajarudi. Mashahidi wakapungua: hakuna wa kupima mkono wa mtoto, na wakimbizi waliofika Korea Kusini wakawa wa kuhesabika. Juni 2021 bei za sokoni zilipanda ghafla, na mwezi ule ule Kim Jong Un mwenyewe aliwaambia wakuu wa chama chake kwamba hali ya chakula inakuwa ngumu. Mashahidi wawili wasiopendana waliposema neno moja, palikuwa na haja ya kusikiliza.

Mwishoni mwa 2022 Korea Kusini ilikadiria mavuno ya jirani yake kuwa tani milioni 4.51, pungufu ya mwaka uliotangulia. Habari zikasema pia kwamba serikali inazuia nafaka kuuzwa sokoni, ili watu wanunue katika maduka yake. Februari 2023 Seoul ikasema kuna watu wanaokufa kwa njaa katika sehemu fulani, na mwezi huo huo chama cha Korea Kaskazini kikaitisha mkutano mkubwa juu ya kilimo. Je, ilikuwa njaa kama ya 1990? Wapo waliosema hali haijapata kuwa mbaya hivyo tangu wakati ule. Wengine walijibu kwamba bei ya mchele haikuruka kama inavyoruka wakati wa njaa kuu, na kwamba mchele na unga kutoka China ulikuwa umeongezeka. Mimi naona wote walikuwa na haki ya kusema walivyosema. Tatizo ni kwamba soko likifungwa, bei iliyotulia haina maana ile ile. Mgonjwa asiyelia pengine amepata nafuu, pengine amechoka.

Hapa niwaeleze jambo ambalo watu wengi hawalijui. Siku hizi kuna kipimo kinachotumiwa duniani cha kutangaza njaa kuu, na asili yake ni hapa kwetu Afrika Mashariki: kilianza kutengenezwa Somalia mwaka 2004. Kipimo hicho kinataka mambo matatu: nyumba 20 katika 100 ziwe zimekosa chakula kabisa, watoto 30 katika 100 wawe wamekonda, na watu wawili katika kila 10,000 wawe wanakufa kila siku. Ni kipimo kizuri, kinazuia makelele ya bure. Lakini tazameni matokeo yake. Nchi isiyoruhusu watoto kupimwa wala makaburi kuhesabiwa ni vigumu mno kutangazwa kuwa na njaa kuu, hata watu wake wakiisha. Na hata pale Somalia, ambako wapimaji walikuwako, tangazo lilitolewa Julai 2011 wakati maelfu kwa maelfu walikuwa wamekwisha kufa; jumla ya waliokufa ilikuja kukadiriwa 258,000.

Kwa hiyo mpimaji wa nchi iliyofungwa ana hatari mbili. Akipiga yowe kila mwaka, na kila mwaka watu wasife, wenye meli za nafaka wataacha kumsikiliza. Akingoja hakika, hakika itakuja na majeneza. Mimi sioni kwamba hatari hizi zina uzito mmoja. Meli iliyopelekwa bure inaweza kurudishwa, au nafaka yake ikauzwa. Hata hivyo simshauri mtu aseme zaidi ya anachokijua. Aseme: mashahidi watatu wanakubaliana, wawili wanapingana, mmoja amenyamazishwa, na miezi ya taabu inaanza Mei.

Kuna waliokataa hata kuendelea kuhudumu. Mwaka 1998 Madaktari Wasio na Mipaka waliondoka Korea Kaskazini, wakisema hawaruhusiwi kuwafikia wenye shida hasa. Mpango wa Chakula Duniani ulibaki, ukaweka sharti kwamba wilaya isiyoruhusu ukaguzi haipati chakula. Ni sharti la haki kwa mwenye ghala. Mtoto wa wilaya ile iliyofungwa hakuulizwa.

Muda wetu unakwisha. Vikundi vifanye kazi hii mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kila siku ya soko katibu aandike bei ya debe la mahindi na bei ya kilo ya mchele, na wenye mifugo waongeze bei ya mbuzi wa kawaida. Mwombeni mwalimu mkuu awasomee hesabu ya watoto waliofika shuleni wiki ile. Kisha zungumzeni: kama mtu wa mbali asingekuwa na habari nyingine yo yote ya kijiji chenu ila namba hizo, angekosea wapi? Tuandikieni majibu. Wenzetu wa Dodoma watuletee ya kwao kwanza.